Mbwa wa madoa mjini Tanga: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimefuga mbwa wa Dalmatia hapa Sahare tangu 2013. Wa kwanza alikuwa dume, Chui. Wa pili ni jike, Kanga, ambaye bado ninaye. Kila nikitoka naye jioni lazima nisimamishwe: watoto wanataka kujua kama madoa yamepakwa rangi, wazee wanauliza anakula nini, vijana wanauliza bei. Nimeandika hapa majibu ninayoyatoa njiani, na mengine ambayo njiani hayatoshi. Kama una dume wa aina hii nyumbani na una haraka, nenda kwanza kwenye swali la dagaa.

Huyu ni mbwa gani?

Ni Dalmeshiani. Manyoya yake ni mafupi, meupe, na juu yake kuna madoa ya mviringo, ama meusi ama ya kahawia iliyoiva. Doa zuri lina upana wa sentimita 2 hadi 3, na kichwani, miguuni na mkiani huwa madogo zaidi. Dume husimama sentimita 56 hadi 62 kwenye mabega, jike hupungua kidogo. Uzito ni kama kilo 24 hadi 32. Akitunzwa huishi miaka 11 hadi 13.

Dalmatia ni wapi?

Ni mwambao wa Kroatia, kwenye bahari ya Adriatiki. Nikiwaeleza watu wa hapa huwa nawaambia: wazia nchi ya pwani yenye visiwa vingi, bandari za kale, na mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji kama yale ya mapango ya Amboni. Hapo ndipo jina lilipotoka.

Wamevutana sana kuhusu asili yake, maana mbwa wenye madoa wamechorwa katika nchi nyingi. Lakini kwenye kisiwa cha Lošinj, katika mji wa Veli Lošinj, kuna picha ya kanisani ya mwanzoni mwa karne ya 17 yenye mbwa anayefanana sana na huyu. Mwaka 1771 Thomas Pennant wa Wales, aliyeandika habari za wanyama, alimtaja kwa jina hili hili na kusema asili yake ni Dalmatia. Leo shirika la kimataifa la mbwa, FCI, limemwandika kwa namba 153 na kuitambua Kroatia kuwa ndiyo kwao. Mimi hilo linanitosha.

Kwa nini picha za zamani zinamwonyesha na farasi?

Kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa huko. Katika karne ya 18 na ya 19, matajiri wa Uingereza walisafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi, na mbwa huyu alikimbia kando ya magurudumu, mbele ya farasi, au chini kabisa ya ekseli, karibu na kwato za farasi wa nyuma. Aliwafukuza mbwa wa njiani waliotaka kuwatia farasi hofu, na usiku alilala zizini akilinda farasi na mizigo. Ilikuwa lazima awe na miguu ya safari ndefu na asiogope kwato.

Marekani kazi hiyo ikahamia zimamoto. Magari ya kuzima moto yalipokuwa yakivutwa na farasi, mbwa huyu alitangulia mbele akisafisha njia kwa kubweka. Motokaa zilipochukua nafasi ya farasi mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ikaisha, lakini vituo vingi viliendelea kumfuga kama alama yao.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu kila tabia inayowashangaza watu wa mtaani kwangu inatokana nalo. Mnyama aliyechaguliwa karne mbili akimbie kilomita nyingi kwa siku hawezi kufungwa kwenye banda la mabati kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku akabaki na akili zake timamu.

Ni kweli wanazaliwa weupe bila doa?

Ni kweli. Niliona kwa macho yangu kwa rafiki yangu aliyezalisha: vitoto tisa vyeupe kama pamba. Siku ya kumi na mbili nilimbeba mmoja kwenye mwanga wa dirisha, nikapuliza manyoya ya mgongoni yagawanyike, na chini yake ngozi ilikuwa imeanza kuonyesha vivuli vya kijivu, kama wino uliopenya kutoka upande wa pili wa karatasi. Wiki moja baadaye vivuli vilikuwa madoa. Madoa huendelea kuongezeka hadi mbwa anapokaribia mwaka na nusu.

Baadhi huzaliwa tayari na baka kubwa jeusi, mara nyingi sikioni au jichoni. Hilo ni baka wala si doa, na kwenye maonyesho linamtoa mbwa mashindanoni. Kwa mfugaji wa nyumbani halina ubaya wowote, tena utaona hapo chini kwamba lina heri yake.

Nitajuaje kama ninauziwa mbwa koko mwenye madoa?

Ukiuziwa kitoto cha siku tano ambacho kimeshajaa madoa, huyo ni chotara. Omba kumwona mama yake. Omba karatasi za uzao. Kwa ukanda wetu mara nyingi ni za East Africa Kennel Club ya Nairobi. Asiye na karatasi si lazima awe tapeli, lakini asikutoze bei ya mwenye karatasi. Na chotara ni mbwa mzuri tu, mara nyingi ana afya kuliko mbwa wa mbegu.

Tabia yake ikoje? Anang'ata?

Ana mapenzi mengi, ana nguvu nyingi, ana kumbukumbu kali. Ukimpiga leo atakuwa na wasiwasi nawe mwezi mzima. Ukimfundisha kwa kipande cha yai na maneno mazuri, atajifunza kukaa, kusubiri na kuja akiitwa kabla hajafikisha miezi minne. Kwa wageni hujizuia kwanza, ananusa, anatazama, kisha anaamua. Kanga ana tabia ya kuonyesha meno akifurahi, midomo imevutwa juu kabisa. Majirani walidhani ni hasira. Mbwa wengi wa aina hii hufanya hivyo. Tazama mwili: mkia unacheza, mabega yamelegea, basi hiyo ni salamu.

Watoto wadogo hawezi kuwadhuru kwa makusudi, lakini atawaangusha. Mtoto wa miaka mitatu na Dalmeshiani wa mwaka mmoja wasiachwe peke yao uani.

Analinda nyumba?

Anabweka vizuri, na hajibwekei ovyo. Lakini ukitaka mlinzi wa kufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku, chukua mbwa wa aina nyingine. Huyu akitengwa na watu anaharibika: anachimba, anatafuna mlango, anajilamba miguu mpaka vidonda.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kumfuga?

Swali hili naulizwa zaidi na majirani, na ni swali la haki. Pwani yetu wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate na unyevunyevu wa mbwa kuwa najisi nzito, inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna najisi iliyohama. Kwetu, sehemu ya kuswalia iko ndani na Kanga haingii. Ana bakuli lake, ndoo yake na kitambaa chake, na nguo za kumhudumia ziko peke yake kwenye kamba. Kuhusu hali ya nyumba yako, kaa na sheikh wako umweleze nia yako ya kufuga.

Nasikia ni viziwi.

Si wote, lakini tatizo ni kubwa na halifai kufichwa. Vipimo vilivyofanywa Marekani kwa maelfu ya mbwa hawa vilionyesha kwamba karibu 8 katika kila 100 hawasikii kabisa, na wengine kama 22 wanasikia kwa sikio moja tu. Chanzo ni ule ule weupe. Seli zinazotia rangi kwenye ngozi zinahitajika pia ndani kabisa ya sikio. Zikikosekana, vinyweleo vya kusikilizia hufa mtoto akiwa na wiki tatu au nne. Ndiyo maana wenye macho ya buluu hupata uziwi zaidi, na wale waliozaliwa na baka jeusi hupata kidogo zaidi.

Kuna kipimo cha kusoma mwitikio wa ubongo kwa sauti, na kitoto kinaweza kupimwa kuanzia wiki ya tano. Hapa Tanga mimi hutumia njia ya nyumbani: subiri kitoto kilale peke yake, mbali na ndugu zake, simama nyuma yake upige filimbi. Usipige sufuria sakafuni, maana atahisi mtikisiko na wewe utadhani amesikia. Njia hii inamgundua kiziwi kamili tu. Wa sikio moja atakupita, naye huishi maisha ya kawaida, isipokuwa asizalishwe.

Kiziwi kamili anaweza kufundishwa kwa ishara za mikono, lakini asiachiwe barabarani hata mara moja. Bodaboda haitamngoja.

Kwa nini unakataza dagaa? Mbwa wote wa Tanga wanakula dagaa.

Wanakula, na wanastawi. Huyu haruhusiwi.

Mwili wa mbwa wengi ukimaliza kutumia purini, kitu kilichomo kwenye nyama na samaki, huibadili hadi ikawa alantoini, ambayo huyeyuka kirahisi kwenye mkojo. Dalmeshiani ana kasoro kwenye jeni iitwayo SLC2A9, kwa hiyo safari hiyo inaishia katikati, kwenye asidi ya yuriki. Ni asidi ile ile inayoleta gauti kwa binadamu. Mkojo ukiwa mzito na wenye ukali, asidi hiyo hugeuka chembe, chembe zikawa mawe. Jike ana njia pana, mara nyingi mawe hutoka. Dume ana mrija mwembamba unaopita kwenye mfereji wa mfupa wa uume, na hapo ndipo jiwe hukwama. Karibu kila Dalmeshiani halisi ana kasoro hii, ingawa si kila mmoja hupata mawe. Na dagaa, pamoja na maini na figo, ni miongoni mwa vyakula vyenye purini nyingi kuliko vyote.

Chui nilimlea kama nilivyoona mbwa wakilelewa: ugali wa dona na dagaa kutoka soko la Deep Sea, na Jumapili maini. Februari 2016, wakati wa kaskazi, joto kali, niliamka nikamwona kwenye mnazi. Aliinua mguu, akasimama, hakuna kitu. Akahama mti, akainua tena. Yakatoka matone mawili. Nilimhesabia mara saba, na tone la mwisho lilikuwa la rangi ya waridi. Nikasema labda amekula kitu kibaya, atapona. Kesho yake nilimpeleka kwenye zahanati moja ya mifugo. Akapigwa eksirei, nikaambiwa hakuna jiwe, nikapewa dawa ya kuua vijidudu. Sikujua, na naona aliyetuhudumia hakujua, kwamba mawe ya asidi ya yuriki, ambayo madaktari huyaita ya yureti, mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Yanatafutwa kwa altrasaundi. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na alikuwa anatapika. Tulisafiri naye usiku hadi kwa daktari mwingine, akasukuma mawe kwa mpira na maji ya dripu, kisha akapasua kibofu. Alinipa mawe yale kwenye kichupa: madogo kama punje za mtama, laini, ya kahawia inayoelekea kijani. Ninayo mpaka leo.

Chui aliishi miaka saba zaidi, bila dagaa hata mmoja. Mama mmoja pale sokoni hunipigia kelele kila Jumamosi, "Mwanangu, za mbwa wako nimekuwekea, sikudai!" Nazipokea kwa shukrani, zinakwenda kwa paka wa jirani.

Basi ale nini?

Mayai ya kuchemsha, mtindi, wali, ugali, viazi vitamu, boga, karoti. Nyama ya kuku au ya ng'ombe kwa kiasi, iliyochemshwa, na maji yake yamwagwe, kwa sababu purini nyingi hubaki kwenye supu. Kwa Kanga mimi hupika sufuria moja ya wali na boga, naongeza mayai mawili na kuku kidogo. Chakula cha dukani ni sawa kama maini na samaki haviongozi orodha ya viungo.

Asipewe maini, figo, moyo, bandama, dagaa, vibua, supu ya mifupa, wala chochote chenye hamira nyingi. Na kwa mbwa yeyote, masalia ya pilau na mchuzi yenye vitunguu ni sumu ya polepole.

Maji yana uzito sawa na chakula. Mwagia kikombe cha maji kwenye kila mlo. Bakuli likae kivulini na libadilishwe mara tatu kwa siku, maana maji yaliyopata moto hayanyweki. Na umtoe kukojoa angalau mara nne au tano. Mbwa anayezuia mkojo tangu alfajiri hadi jioni anauacha ukolee kibofuni, na mawe huanzia hapo. Wenye mawe sugu hupewa na daktari dawa ya alopurinoli. Usiinunue mwenyewe ukampa pamoja na nyama nyingi, maana hapo hutengeneza mawe ya aina nyingine.

Nitajuaje kwamba amezibika?

Anachuchumaa au kuinua mguu mara nyingi bila kutoa kitu, anatoa matone, mkojo una damu au mchanga, anajilamba, analia ukimgusa tumbo. Dume aliyeshindwa kukojoa kabisa ni dharura ya saa, si ya siku. Usimpe dawa ya kienyeji ya kukojoza. Unaongeza maji nyuma ya bwawa lililozibwa. Mpigie daktari wa mifugo hata kama ni saa nane usiku, na umwambie maneno haya: ni Dalmeshiani, nashuku mawe ya yureti, eksirei inaweza isiyaonyeshe.

Hakuna Dalmeshiani wasio na kasoro hiyo?

Wapo. Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni wa Marekani, Robert Schaible, alichanganya Dalmeshiani na mbwa mmoja wa aina ya Pointer, kisha akarudisha uzao kwa Dalmeshiani kizazi baada ya kizazi, akichagua wenye jeni nzima. Wakubwa wa vyama walikataa miaka mingi wakisema damu imechafuliwa. American Kennel Club iliwakubali rasmi 2011. Ni mbwa wale wale wenye madoa yale yale, na wanakojoa bila maumivu. Ukiagiza kitoto kutoka nje, ulizia hao kwanza.

Joto la Tanga analiwezaje?

Kwa kutembezwa alfajiri na baada ya alasiri. Pua ya waridi na masikio yenye ngozi nyeupe huungua na jua, kwa hiyo mchana akae kivulini. Lami ikikushinda wewe kuikanyaga pekupeku, yeye pia inamuunguza. Akihema bila kukoma, fizi zikawa nyekundu sana, akayumba, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpeleke kwa daktari.

Baharini anapenda. Maji yakitoka, ufukwe wa Sahare unakuwa uwanja wa kukimbilia usio na mfano. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini asinywe maji ya chumvi, na akirudi nyumbani umsuuze.

Naweza kukimbia naye kwa baiskeli?

Unaweza, na hakuna furaha kubwa zaidi kwake. Lakini subiri afikishe mwaka na nusu, mifupa iwe imekomaa, na pita njia ya udongo. Huyu atakimbia hadi aanguke kuliko akuache umtangulie, kwa hiyo kusimama uamue wewe.

Chanjo na kupe?

Kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba, na mara nyingi karibu na siku hiyo kunakuwa na chanjo za kampeni. Fuatilia ofisi ya mifugo ya kata yako. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kupe mtafute kwa vidole kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kwenye manyoya meupe anaonekana upesi, na kwa hilo tunashukuru. Ukiwa upande wa Pangani na Saadani, mbung'o nao humwambukiza mbwa nagana. Mbwa akipata homa na jicho likaingia ukungu, dai apimwe damu.

Anatoa manyoya?

Mwaka mzima, mafupi kama sindano, na yanajichoma kwenye kanga, kwenye mkeka, kwenye kiti cha gari. Mpige brashi ya mpira kila siku mbili.

Nimzalishe?

Kama hujapima masikio ya wote wawili, hapana. Mimba ni takriban siku 63, na kuzaa vitoto wanane au zaidi ni kawaida. Jiulize kama una watu wanane mjini hapa watakaokubali kuacha dagaa. Mimi nilijiuliza, nikapata wawili. Kanga nikamfunga kizazi.